Circe: Sauti Ndiyo Iliyotufikisha Mwisho



Tuseme kweli: kitabu cha Circe, alichoandika Mmarekani Madeline Miller mwaka 2018, kilitushinda mara mbili kwa macho. Majina ya Kigiriki yalitukwama kooni, na Kiingereza chetu ni cha skuli. Tukakipata cha kusikiliza, anasoma Perdita Weeks, saa 12 na ushei. Tulikiwasha huku tukitia shanga gauni la harusi, na kikaisha kabla ya gauni.

Circe ni binti wa Helios, jua lenyewe kwa imani ya Wagiriki wa kale. (Shirki tunaijua. Hii tunaisikiliza kama ngano, kama za mazimwi kwa bibi.) Ndugu zake wanamcheka, sauti yake wanaifananisha na ya bundi. Msomaji mwengine angeuigiza mlio huo, tukachoka mapema. Weeks anasoma kwa utulivu, kama dada mkubwa anayekusimulia yaliyomfika baada ya machozi kukauka. Circe anapofukuziwa kisiwani Aiaia peke yake, upweke unausikia hata pale anaponyamaza.

Lakini sauti nayo ina ukali wake. Kuna pahala mabaharia wanafika, anawakirimu chakula, na nahodha wao anamwingilia kwa nguvu. Kitabuni macho yangeruka ukurasa. Masikioni hakuna pa kurukia. Sindano zote zilisimama, hakuna aliyeinua kichwa. Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini anawageuza wanaume nguruwe. Kwenye utenzi wa Homer anawageuza tu, sababu hatupewi.

Kwa hiyo bibi harusi, usikiwashe mbele ya watoto wala mawifi, na mambo ya chumbani pia yamo. Tia vya masikioni. Wala usikiharakishe ili kiishe upesi, utasikia habari na kukosa hadithi.

Na wale wanaotwambia kusikiliza si kusoma, bibi zetu walihifadhi tenzi nzima kwa nini kama si kwa masikio? Hata huyo Homer, watu walimsikia kabla ya kumsoma.

Kinachofuata ni A Thousand Ships cha Natalie Haynes, anakisoma mwenyewe. Gauni la Ijumaa lina mikono mirefu na shanga mpaka kiwikoni, nafasi ya kusikiliza tunayo.