Pranki za Tarime na Mugumu: Ujasiri Gani wa Kumwaga Ndizi za Mama wa Watu?

Majina hayatajwi, wenyewe wanajijua. Wale mastaa wa pranki wanaozunguka na simu stendi ya Tarime, Sirari, Nyamongo mpaka Mugumu, halafu wanajiita majasiri. Leo wasome mpaka mwisho, hata kama kusoma si kawaida yao.

Ukiwauliza mchezo wameutoa wapi, watakutajia Jackass. Haya. Kipindi kilianza MTV mwaka 2000, filamu ya kwanza ikatoka 2002, DVD zikatapakaa dunia nzima. Video za namna ile huku zimetazamwa kwenye mabanda, baadaye kwenye memori kadi za kujaziwa kwa jamaa mwenye laptop. Lile onyo la mwanzoni, usijaribu nyumbani, linarushwa mbele kama tangazo. Januari 2001, huko Connecticut, Marekani, mtoto wa miaka 13 aliiga mchezo wa moto wa kipindi kile akaungua vibaya. Mwenye kipindi alikuwa amevaa suti ya kuzuia moto.

Lakini wale jamaa wapewe chao. Mwili waliouweka rehani ni wa kwao. Johnny Knoxville, mtu mzima anakaribia miaka 50, alisimama mbele ya fahali kwa ajili ya filamu ya 2022. Akarushwa juu, akavunjika mkono na ubavu, ubongo ukavuja damu. Ujinga? Ndiyo. Ila ujinga wake mwenyewe.

Sasa hawa wa huku, wao wanaumia wapi? Mama katoka kijijini alfajiri na beseni la ndizi, anarushiwa nyoka wa plastiki, ndizi chini, zinakanyagwa. Mzee wa watu anaambiwa mwanae kapata ajali, anakaa chini hana nguvu, kamera inamsogelea usoni. Bodaboda anashtuliwa abiria akiwa nyuma. Mtaji umekufa, presha imepanda, staa anahesabu watazamaji.

Na kuna ile mbaya kuliko zote, pranki ya wizi. Mtu anajifanya kukwapua, mwenzake anapiga yowe, kamera kichakani. Hivi kweli, na umezaliwa Mara? Tarime na Serengeti yowe halipigwi kuchekesha. Likipigwa, mtu anaacha ugali mezani anatoka na fimbo au panga, maana wazee wanajua maana yake: ng'ombe wameondoka. Hakuna anayesimama kwanza kuuliza kama kuna mtu anarekodi. Utasema "ni pranki!" kwa nani, na watu hamsini wameshakuzunguka?

Februari 2021, Nashville, Marekani, kijana wa miaka 20 aliwaendea watu na kisu akiigiza ujambazi. Akapigwa risasi akafa. Polisi waliambiwa ilikuwa pranki ya YouTube. Aliyefyatua hakujua kama ni mchezo, na damu ile anaishi nayo yeye. Huku atakayeishi nayo ni baba wa watu aliyekuja kumsaidia jirani. Na siku ng'ombe wakiondoka kweli, watu watageuka upande wa pili: "Achana nao, ni wale wa TikTok."

Watetezi wao wanasema ajira hakuna, vijana wanatafuta. Kwani mama wa ndizi yupo pale kupunga upepo? Wengine wanasema baada ya kurekodi huwa wanampa elfu tano. Ridhaa inaombwa kabla, mzee baba! Ukimpa hela baada ya kumdhalilisha, atapokea tu, maana ndizi zimeshakwisha.

Basi video za akina mama zifutwe, hela za ndizi zirudi. Na wakitaka sana kuitwa majasiri, mafahali Tarime wapo tele. Aingie zizini staa mwenyewe, simu ashike yule mama.