Ligi ya Katavi Ingoje Mavuno

Kwa Rais,
Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF),
Karume, Ilala,
Dar es Salaam.

YAH: MSIMU WETU KUISHA KABLA HAUJAKOLEA

Ndugu Rais Wallace Karia,

Naandika kutoka Mpanda. Mimi si kiongozi wa chama chochote wala sina kura katika mkutano mkuu wenu. Ni mmoja wa wale wazee wa kijiweni ambao klabu ikiwa na safari huambiwa waandike barua ya kuomba mafuta ya gari, na klabu ikifungwa huambiwa ndio waliomponza kocha. Ombi langu ni moja, na nalitanguliza ili usipate tabu ya kulitafuta: ligi ya mkoa wa Katavi ichezwe kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, na bingwa wake akae akingoja Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, yaani RCL. Fedha siombi, ingawa nadhani barua nyingi zinazofika Karume huanzia hapo.

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Hatuna vuli na masika kama watu wa Pwani. Inaanza Novemba, inakata mwishoni mwa Aprili, na ndani ya miezi hiyo ndimo chakula cha mwaka mzima kinapotafutwa. Ligi ya mkoa nayo inaingia humohumo, kwa sababu mara nyingi RCL inaitishwa mvua zikiwa bado hazijakata, na kila mkoa unatakiwa uwe umeshapeleka jina la bingwa wake.

Sasa mtazame mchezaji wa ligi ya mkoa wa Katavi. Si mwajiriwa wa klabu. Klabu inampa jezi, soda baada ya mechi na nauli ikipatikana. Desemba anapanda mahindi, Januari anapalilia. Kama ni kijana wa Mpimbwe, Januari na Februari yuko kwenye majaruba anapandikiza mpunga. Kama kwao wanalima tumbaku, mvua ikipamba moto yeye anavuna majani na kulala kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, akichochea moto, maana ikiharibikia humo ni hasara ya mwaka mzima. Huyo ndiye tunayemwambia Jumamosi saa kumi awe uwanjani, tena uwanja wenyewe upo zaidi ya kilomita mia kutoka kwao kama anatoka Karema au Inyonga. Klabu inasajili wachezaji ishirini na kitu, siku ya mechi wanashuka kwenye gari kumi na wawili, na golikipa ni yule aliyekuwa beki wa kulia wiki iliyopita.

Uwanja nao una yake. Nilishuhudia Januari moja kwenye uwanja wa kata vijana wakishusha magunia ya pumba za mpunga kutoka mashine ya kukoboa, wakazimwaga golini ili maji yanyonywe. Chokaa ya mistari ilikuwa imeshasombwa tangu asubuhi, kwa hiyo mpaka wa eneo la hatari ukachorwa kwa jembe. Mwamuzi akadondosha mpira katikati kuujaribu, ukatulia pale pale kama chapati. Mechi ikaahirishwa. Timu ya wageni ilikuwa imeshalipia gari, na gari likiahirishiwa mechi halirudishi nauli.

Mechi mbili tatu za namna hiyo zikipita, kalenda inaanza kukimbia. Hapo ndipo msimu unapokatwa. Mzunguko wa pili unafutwa, au timu zote zinakusanywa kituo kimoja na kucheza kila baada ya siku moja mpaka bingwa apatikane. Timu iliyoshindwa kufika inapigwa faini na pointi zinatolewa mezani. Timu iliyokuwa ya nne na ikianza kupata mwendo inaambiwa asante, tukutane mwakani. Silaumu viongozi wa soka wa mkoa wowote kwa hili. Wao wanashikwa koo na tarehe ambayo hawakuipanga, na mtu aliyeshikwa koo na tarehe hukata anachoweza kukikata.

Ninachouliza ni kwa nini kinachokatwa huwa ni cha huku chini kila mara. Tarehe 8 Machi 2025 mechi ya Yanga na Simba haikuchezwa. Ilichezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda mabao mawili bila. Hapo katikati ni siku 109. Bingwa wa nchi alisubiri, wadhamini walisubiri, Azam TV ilisubiri, na sikusikia aliyependekeza kwamba kwa kuwa kalenda imebana basi tugawane pointi na kufunga msimu. Sidhani kusubiri kule kulikuwa kosa. Mechi ile ina uzito wake na hata sisi huku tulizima jenereta za mashine tukaenda kuitazama. Ila ikiwa mechi moja inaweza kungojwa siku 109, ligi ya mkoa mzima haiwezi kungojea mahindi yavunwe?

Mwaka 2020 tuliona jambo lile lile kwa sura nyingine. Tarehe 17 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimamisha michezo kwa siku 30 kwa sababu ya korona, kisha ikaruhusiwa tena kuanzia Juni. Mjadala wa kurudi ulihusu hasa Ligi Kuu, Daraja la Kwanza na Daraja la Pili. Ilitangazwa kwanza kwamba Ligi Kuu ichezwe Dar es Salaam na madaraja mawili yale yakachezwe Mwanza, kisha uamuzi ukabadilishwa na timu zikacheza nyumbani na ugenini. Ligi Kuu ilirudi tarehe 13 Juni na ikamalizika. Majirani zetu Kenya waliifunga yao Aprili 30 na kumpa Gor Mahia ubingwa, na Uganda nao wakampa Vipers. Sisi tulimaliza uwanjani, na hilo ni la kujivunia. Lakini katika kelele zile zote, anayetoka Majimoto au Mishamo huku kwetu hakusikia daraja lake likitajwa.

Hata Uingereza, ambako mpira una hela ya kumwaga, mkato ulianzia chini. Machi 26, 2020 chama chao cha soka kilifuta kabisa matokeo ya msimu katika madaraja ya chini. South Shields, klabu ya kaskazini mashariki, ilikuwa inaongoza ligi yake kwa pointi 12. Zikafutwa. Walikata rufaa wakashindwa. Ligi Kuu ya huko ilirudi Juni 17 mwaka huo huo. South Shields hawakupanda daraja mpaka mwaka 2023. Miaka mitatu, Ndugu Rais, na hao wana uwanja wao, viingilio vyao na mshahara wa kocha. Klabu ya Katavi ikipoteza msimu mmoja, wachezaji wanatawanyika: mmoja anaenda machimbo ya dhahabu, mwingine anapanda treni kwenda Tabora kutafuta maisha, wa tatu anaoa. Mwakani unaanza kusajili upya kama vile klabu imezaliwa jana.

Watu hutuambia Katavi haina vipaji. Hoja hiyo naomba tuitazame vizuri. Mkoa ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu laki tano na kitu. Ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 1.1. Tumeongezeka maradufu ndani ya miaka kumi, vijana wamejaa, na kila kijiji kina kiwanja chenye magoli ya miti. Timu ya Ligi Kuu hatujawahi kupata. Waangalie sasa waliotuzunguka. Kigoma wana Mashujaa, waliopanda mwaka 2023, nayo ni timu ya jeshi. Tabora waliingia Ligi Kuu mwaka huo huo kwa timu iliyoanzia Kilimanjaro ikiitwa Kitayosce, ikahamia kwao na kugeuka Tabora United. Sumbawanga waliionja Ligi Kuu msimu wa 2020/21 pale Tanzania Prisons walipohamishia mechi zao Uwanja wa Nelson Mandela, na Prisons ni timu ya Magereza. Jeshi, Magereza, na timu ya kuhamia. Nawapongeza wote na wala sina kinyongo. Lakini askari hana shamba la kupalilia Januari. Mshahara wake unaingia mvua inyeshe isinyeshe, na mazoezi ni sehemu ya kazi yake. Kalenda ya mvua haimuumizi. Inayoumia ni klabu ya wananchi, ile ya mtaa, inayoendeshwa kwa michango ya wauza mchele sokoni na madereva wa bodaboda. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini klabu za wananchi magharibi hazipandi, tuanze kwa kuangalia tarehe za mechi zao kabla hatujaangalia miguu ya wachezaji.

Na ushahidi kwamba kiangazi kinafaa hauko mbali. Uangalie mpira wa ndondo. Kombe la diwani, kombe la mbunge, kombe la mfanyabiashara fulani aliyeuza mpunga vizuri, yote haya huja baada ya mavuno. Hakuna mwanasiasa mwenye akili timamu anayeanzisha kombe lake Januari. Ukienda ndondo ya Agosti utakuta uwanja umezungukwa, watoto wako juu ya miembe, mama lishe wamepanga masufuria, watu wametoka vijijini kwa baiskeli na pikipiki. Wana hela kidogo mfukoni kwa sababu gunia limeuzwa. Mshindi anaondoka na ng'ombe. Wachezaji wale wale waliokosekana kwenye ligi ya mkoa wote wapo, tena wanagombania namba. Inakuwa kichekesho: bingwa wa ndondo anakula nyama, bingwa wa mkoa anarudi nyumbani na deni la gari.

Najua maswali yatakayoulizwa na wataalamu wako wa mashindano. La kwanza ni kwamba bingwa akipatikana Oktoba, mpaka RCL iitishwe atakuwa amepoa na wachezaji wamekwenda. Ni kweli kuna hatari hiyo. Lakini kwa utaratibu wa sasa bingwa wetu anaenda RCL akiwa amecheza mechi chache za haraka kwenye tope, na kule anakutana na timu zilizocheza ligi ya kweli. Anacheza makundi, anatolewa, anarudi, na msimu wake wote umekwisha kabla shule hazijafunga. Afadhali aliyecheza mechi za nyumbani na ugenini kwa miezi mitano akapumzika, kuliko aliyekimbizwa. Mkiruhusu dirisha dogo la usajili kwa mabingwa wa mikoa kabla ya RCL, pengo la walioondoka litazibika. Tena dirisha hilo likiwa na kikomo cha wachezaji wachache, litapunguza hata hili la mamluki, ambapo timu ya Katavi inafika RCL ikiwa na kikosi kizima kilichokodiwa kutoka Dar es Salaam na Mwanza, halafu tunajiuliza vijana wa Katavi wako wapi.

La pili ni gharama. Ligi ya miezi mitano ina safari nyingi kuliko kituo kimoja, sikatai. Ila safari ya kiangazi ni nafuu. Barabara ya Mpanda kwenda Tabora sasa ni lami, hilo serikali imelifanya na tunalishukuru. Nyingi kati ya zinazobaki ni za vumbi, na kwenye vumbi gari dogo linapita. Kwenye tope linahitaji kusukumwa na wachezaji wenyewe wanaotakiwa kucheza baada ya saa mbili. Na ligi yenye mechi za nyumbani ndiyo inayoleta viingilio. Kituo kimoja kinamnufaisha mwenye nyumba ya kulala wageni peke yake.

La tatu, ambalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, ni AFCON ya 2027, tutakayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Tunaisubiri kwa hamu. Lakini mashindano makubwa hula kalenda, na kalenda ikiliwa, kinachotafunwa kwanza ni cha chini. Viwanja vitakavyotumika haviko Katavi, waamuzi wa ligi yetu hawatachezesha AFCON, wala hakuna mchezaji wa hapa atakayeitwa kambini. Hakuna sababu ya ligi ya mkoa wetu kufupishwa kwa ajili yake. Naomba hilo liandikwe kwenye kanuni za msimu huo mapema, lisiachwe mpaka siku ya barua ya dharura.

Ukiona nchi nzima ni mzigo, anza na mikoa inayonyeshewa mvua moja: Katavi, Rukwa, Kigoma na Tabora. Uacheni kila mmoja ucheze ligi yake kati ya Juni na Oktoba kwa misimu miwili, nyumbani na ugenini, kila klabu ikiwa na uhakika wa idadi ya chini ya mechi ambayo haipunguzwi na mtu. Halafu hesabuni mechi zilizoahirishwa, timu zilizoshindwa kufika na mapato ya mlangoni, mlinganishe na misimu ya mvua. Takwimu zikinisuta, nitanyamaza na kurudi kuandika barua za mafuta.

Kanuni za ligi za mikoa kwa msimu ujao bado mnaweza kuzigusa. Klabu zitaanza kuchangisha ada ya usajili watu wakishauza mpunga, na zingependa kujua kabla ya hapo kama zinachangia mechi nne au kumi na nne.

Wako katika mpira,
Mpenzi wa soka,
Mpanda, Katavi.

Nakala:
Baraza la Michezo la Taifa (BMT)
Ofisi ya Mkuu wa Mkoa wa Katavi
Vyama vya soka vya mikoa ya Katavi, Rukwa, Kigoma na Tabora