Moshi faini, Same kuchimba dawa: mchafu ni nani?

Asubuhi hiyo nilipanda basi Moshi nikielekea Dar. Pale stendi nilinunua karanga, nikala, karatasi yake nikaitia mfukoni mwa suruali. Msinisifu. Sikufanya kwa ustaarabu, nilifanya kwa woga. Moshi ukitupa takataka ovyo unaweza kutozwa faini ya Sh 50,000, na mwandishi wa kujitegemea kama mimi, anayelipwa kwa kipande cha habari, akitozwa hiyo anakwenda Dar kwa miguu.

Baada ya mwendo wa saa mbili hivi tulikuwa tumeshaipita Same. Kati ya Makanya na Hedaru basi likaacha lami, likasimama pembeni. Konda akapaza sauti: "Haya, wa kuchimba dawa, dakika tano!" Msomaji asiyesafiri asije akadhani tulishuka kutafuta mizizi. Kuchimba dawa ni kujisaidia porini mchana kweupe, magari yakipita. Wanaume wakaenda kushoto, akina mama kulia. Na vichaka vya ukanda ule mnavijua: miba mitupu, majani hamna. Bibi mmoja alikuwa anakingwa kanga na mjukuu wake. Konda akamhimiza: "Bibi, fanya haraka, tumechelewa." Bibi akamjibu bila hata kugeuka: "Mjukuu wangu, mimi nimechelewa tangu Uhuru."

Nikageuza uso nikatazama milima. Upare ulivyo mzuri saa ile! Juu kule msitu wa Chome umefunikwa na ukungu, kilele cha Shengena, mita 2,462, hakionekani. Chini bibi yangu anakingwa kanga.

Sasa nauliza. Moshi na Same ni mkoa mmoja, Kilimanjaro. Umbali ni kilomita mia moja na ushei. Yule aliyeficha karatasi mfukoni na yule aliyesimama nyuma ya mgunga Makanya ni mtu mmoja, mimi. Tabia yangu imebadilika saa ngapi?

Nauliza hivyo kwa sababu vijiweni kuna jibu jepesi. Eti Mchaga ni msafi, Mpare ni bahili hata wa sabuni. Watani wetu wana haki ya kutusema, nasi tunawasema. Lakini kuna waheshimiwa wenye magari ya vioo vyeusi wanaolichukua jibu hilo la kijiweni na kulipeleka kwenye semina, wanalipia posho: "Wananchi wetu hawana mwamko." Mwamko! Kwa miaka mingi sasa Manispaa ya Moshi imekuwa ikitajwa miongoni mwa miji inayoongoza kwa usafi nchini. Upande wa vijijini Njombe nao wamekuwa wakisifiwa kwa vyoo bora, na Njombe hawaongei Kichaga. Wala kadi ya chama haifagii. Moshi Mjini ilikuwa na mbunge wa upinzani, marehemu Philemon Ndesamburo, kuanzia mwaka 2000 hadi 2015, kisha CHADEMA wakaendelea nayo hadi 2020 ilipochukuliwa na CCM. Sifa ya usafi ilikuwapo kabla, ikawapo wakati huo, na bado ipo. Nayaandika haya katika gazeti la upinzani nikijua mhariri atakuna kichwa. Na akune.

Kinachotofautisha ni kitu cha kwanza ambacho kila mama wa nyumbani anakijua: maji. Moshi imekaa miguuni pa Kilimanjaro. Chemchemi zinashuka zenyewe, mabomba yana maji, na sehemu ya mji ina mabomba ya majitaka. Same imekaa mgongoni mwa milima. Mawingu yanatoka Bahari ya Hindi, yanafika Upare, yanamwaga mzigo wote juu kule na upande wa mashariki. Sisi wa tambarare tunabaki na upepo na vumbi. Wazee wetu hawakukaa kulalamika. Walichimba ndiva milimani, yale mabwawa ya kukusanya maji usiku na kuyafungulia mashambani mchana, kwa zamu na kwa sheria kali. Hao ndio watu wanaoambiwa hawana mwamko.

Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, wa kuvuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza kujengwa mwaka 2014. Ukakwama, ukasukumwa, ukakwama tena. Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Machi 2025. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa siku ya kuanza kwa mradi alikuwa darasa la nne au la tano siku ya kukatwa utepe. Kwa miaka yote hiyo watu waliokuwa wakinunua maji kwa ndoo walikuwa wakihubiriwa usafi. Ndugu yangu, ukiwa na ndoo moja ya lita 20 uliyoinunua, na una watoto wanne na sufuria ya maharage jikoni, utaimwaga chooni? Mimi nisingeimwaga.

Lakini maji peke yake hayafuti kila kitu, na hapa ndipo wakubwa hawapendi tufike. Nimewahi kulipa Sh 200 kwenye choo cha stendi moja ya barabara kuu, jina la mji nalihifadhi. Bomba la maji linapita nje ya ukuta, nimeliona kwa macho yangu. Ndani tone hakuna. Nikamwuliza kijana wa mlangoni, "Kaka, maji vipi?" Akanijibu kwa upole kabisa: "Bosi, hapa unalipia mlango."

Hebu lifikirie jibu hilo. Kijana yule hana kosa, amewekwa pale akusanye. Ile mia mbili inakwenda wapi? Zidisha kwa abiria wa basi moja, zidisha kwa mabasi ya siku, zidisha kwa mwaka. Nani aliyewahi kuona hesabu hiyo imebandikwa ukutani?

Wapare tuna historia na swali hili. Miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza ilileta kodi iliyoitwa mbiru, ambayo mtu alikadiriwa kwa kutazamwa mali yake: migomba yake, ng'ombe wake. Watu walishuka milimani kwa maelfu, wakaja Same kwenye ofisi za serikali, wakakaa. Hawakupigana. Walikaa, wakalala, wakapika, wakahoji. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kuhusu jambo hilo. Babu zetu hawakuwa wakikataa kulipa kodi, walikuwa wakikataa kukadiriwa gizani, na mwishowe mbiru ikafutwa. Kumbe katika mji huuhuu wa Same, watu wasio na viatu waliwahi kumfanya Bwana Mkubwa aeleze kodi yake. Sisi wenye simu za kupangusa tunalipia mlango na kunyamaza.

Tena vijana ndio tunaolipa zaidi. Unayekimbiza basi na ndizi, vitunguu na chupa za maji unajua ushuru wa siku. Desemba 2018 hayati Magufuli alitoa vitambulisho vya wamachinga kwa Sh 20,000 ili tusisumbuliwe. Wengi tulishukuru. Lakini pipa la taka jirani na meza yako lilikuja na kitambulisho? Nani analibeba likijaa? Siku ya msako wa usafi wa kwanza kukamatwa ni wewe, kwa sababu maganda ya ndizi yako miguuni pako. Faini bila pipa ni ushuru wa pili. Moshi faini ina maana kwa sababu ukigeuka unaona pa kutupa, na kesho yake gari linapita.

Sheria peke yake ina mahali pake, sikatai. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na ile miiba ya njiani iliyokuwa imevaa mifuko ya Rambo kama miti ya Krismasi ikavuliwa. Iliwezekana kwa sababu waliobanwa ni wenye viwanda na wenye maduka pia, siyo muuza nyanya tu. Chupa za plastiki ndizo zimebaki, na hizo zinaokotwa na vijana wanaoziuza kwa kilo, nao hakuna anayewaita wafanyakazi wa usafi.

Basi letu likaingia Dar, stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Msidhani huko wakubwa walishapata dawa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kuwamwagia taka mlangoni, na Jaji Lugakingira akawapa haki. (Watani wanasema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Kesi ile ilikuwa na thamani ya ng'ombe.) Jiji likafanya nini? Likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Nao wakaenda mahakamani, Jaji Rubama akawapa haki mwaka 1991. Taka zikahamia Vingunguti, zikaenda Mtoni, zikaishia Pugu. Zimezunguka jiji lote kama mgeni asiyetakiwa, na kila zilikolala ni kwa walalahoi. Sijasikia zimepelekwa Oysterbay hata usiku mmoja. Mwaka 1996 halmashauri ikavunjwa, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mwaka uliofuata kipindupindu kiliwashika zaidi ya watu 40,000 nchini na kuua zaidi ya 2,000. Agosti 2015 kikarudi, kikaanzia Dar hiyohiyo. Ndipo Desemba 9 ya mwaka ule Magufuli akafuta sherehe za Uhuru, akashika ufagio mwenyewe. Picha zilipendeza. Lakini rais akishika ufagio, ujue waliolipwa mshahara kwa kazi hiyo walikuwa wameuweka chini, na uliza kama waliulizwa.

Kuna mji mmoja India unaitwa Surat, mji wa almasi na viwanda vya nguo, huko Gujarat walikotoka babu za wengi wa wenye maduka wa miji yetu. Septemba 1994 ulipigwa na tauni. Mafuriko yalikuwa yamepita, mizoga na taka zimeoza mitaani. Watu kwa mamia ya maelfu wakakimbia kwa treni na mabasi. Dunia nzima ikaucheka mji ule. Mwaka 1995 akaletwa kamishna mmoja, S. R. Rao. Hakuanza na semina. Aliugawa mji katika kanda, kila kanda akaipa mkubwa wake mwenye madaraka ya kuamua palepale, na akawatoa wakubwa hao maofisini kwenye viyoyozi wakashinde mitaani kila siku. Alipobomoa vibanda vilivyoziba njia, alibomoa na majengo ya matajiri. Haikupita miaka miwili, Surat ikatajwa kuwa mji wa pili kwa usafi India nzima. Watu walewale, mitaa ileile.

Siku hizi Wahindi wanaishindanisha miji yao kila mwaka. Indore iliongoza tangu 2017 mwaka hadi mwaka, na katika matokeo ya 2023 Surat ikasimama nayo bega kwa bega. Indore wanapita nyumba kwa nyumba, taka za jikoni zinatengwa na taka kavu, na tangu Februari 2022 wana kiwanda kinachogeuza maganda na mabaki ya chakula kuwa gesi ya kuendeshea mabasi ya mji. Sisemi India ni pepo. Huko bado kuna watu wa tabaka la chini wanaokufa wakizibua mitaro, kama hapa tulivyo na wale tunaowaita vyura, wanaoingia mashimo ya vyoo Dar kwa miguu mitupu. Nasema tu kwamba pale mkubwa alipoulizwa, mtaa ulifagiliwa.

Rwanda nao wana Umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na viongozi wetu wakienda Kigali wanarudi wakishangaa. Wangeshuka Same wakaulizia msaragambo. Upare ulikuwa na kazi ya pamoja kabla hatujasikia habari za Umuganda, na barabara nyingi za milimani na madarasa ya shule yamejengwa hivyo. Watu wale bado wapo, majembe bado yapo. Wanachogoma ni kufagia Jumamosi huku aliyekusanya ushuru wa Jumatatu hadi Ijumaa amesimama pembeni na kofia mpya akipigwa picha.

Kwa hiyo nadai mambo madogo, yasiyohitaji mfadhili wala warsha. Maji ya Nyumba ya Mungu yameshafika. Yaingie kwanza kwenye vyoo vya stendi na vya shule kabla ya kuingia kwenye bustani za nyumba za wakubwa. Kila choo cha kulipia kiwe na karatasi mlangoni: wiki hii tumekusanya kiasi hiki, tumelipa kiasi hiki. Pipa liwekwe kwanza, faini ifuate. Na kuchimba dawa, ambako mamlaka za usafirishaji zimekukataza mara kadhaa kwa mdomo, kukomeshwe kwa vyoo vyenye maji barabarani, siyo kwa kumtoza konda faini ambayo kesho ataipandisha kwenye nauli.

Desemba Wapare wa Dar wataanza kupanda mabasi kurudi nyumbani, na bibi yangu wa kanga pengine atakuwemo. Nami nitapanda. Nitakaa dirishani na daftari, nihesabu mabasi yatakayosimama kati ya Hedaru na Makanya.