Vijana si Wavivu wa Kusoma, Tumewanyima Vitabu Vyao

Umekuwa wimbo wa kila kikao cha elimu: vijana wa siku hizi hawapendi kusoma. Ofisa elimu huuanzisha, mwalimu mkuu huupokea, na mzazi huuitikia. Ukisha kuimbwa, kila mmoja hurudi nyumbani akiwa ametua mzigo, kwa kuwa mkosaji amekwisha kupatikana, naye ni mtoto. Sisi tunasema kwamba wimbo huu ni wa uongo, na kwamba wengi wanaouimba wanaficha uzembe wao wenyewe.

Mtazameni kijana wa Kiwira, wilayani Rungwe. Jumamosi jioni, baada ya kupakia ndizi na viazi katika malori, huingia katika kibanda cha video akakaa saa tatu bila kuchoka, akifuatilia mapambano ya watu wa nchi za mbali huku mtafsiri akimsimulia kwa Kiswahili. Kijana huyo hakupungukiwa na uvumilivu wala akili. Anachokitaka ni safari, hatari, siri na ushujaa, tena katika lugha anayoielewa. Jumatatu tunampa nini? Tunampa kitabu cha kuchambua dhamira, wahusika na tamathali za semi kwa ajili ya mtihani. Kisha tunashangaa kwamba anasinzia!

Hata mkoloni aliijua siri hii. Mwaka 1929 zilichapwa kwa Kiswahili Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, tafsiri za riwaya za Rider Haggard na Robert Louis Stevenson. Zilikuwa hadithi za kusisimua, hilo hatulikatai. Lakini katika safari ya Haggard, Afrika ni pori linalomngoja Mzungu aje aligundue. Kijana wetu aliisafiri nchi yake mwenyewe kwa macho ya mgeni.

Je, sisi tumekosa mandhari? Si mbali na Kiwira upo mwamba uliopita juu ya mto kama daraja, kazi ya volkano wala si ya fundi, nao wananchi wanauita Daraja la Mungu. Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000. Ziwa Ngosi limejificha ndani ya kreta, limezungukwa na msitu na simulizi za wazee. Mwaka 2003, watafiti wa wanyamapori, wakifuata habari walizopewa na wenyeji, walimwona katika misitu hiyo kima aitwaye kipunji, na mwaka 2005 wakautangazia ulimwengu kwamba wamepata spishi mpya. Mpya kwa nani? Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua na kumwita kwa jina! Hapo ipo riwaya nzima: vijana, msitu, ukungu, mnyama asiyeonekana kwa urahisi, na swali la nani mwenye haki ya kusema "nimegundua". Ni nani aliyemwandikia riwaya hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili?

Wapo watakaodai kwamba waandishi hatuna. Si kweli. Mwaka 2007 marehemu Edwin Semzaba, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alishinda shindano la kitaifa la riwaya za safari na mikasa kwa watoto kwa kitabu chake Marimba ya Majaliwa. Kalamu ipo. Aibu ni kwamba fedha za shindano hilo zilitoka Sweden. Baadaye ikaja kutoka Kanada Tuzo ya Burt ya vitabu vya vijana, nayo hapa nchini ikawatuza walioandika kwa Kiingereza! Taifa lililotangaza kujitegemea mwaka 1967 linangojaje hisani ya wageni ili watoto wake wapate hadithi?

Tulipata kulijua jambo hili vizuri zaidi. Katika kampeni ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970, viongozi walitambua kwamba aliyefundishwa kusoma asipopewa cha kusoma atarudi katika ujinga. Ndiyo maana zikaanzishwa maktaba vijijini na magazeti kama Elimu Haina Mwisho. Mkulima mzima alihurumiwa akapewa cha kusoma. Mwanawe leo anapewa lawama.

Wengine watasema riwaya za mikasa ni upuuzi unaoiba muda wa mtihani. Huo ndio ukasumba wa vyeti. Kijana anayemaliza kurasa mia mbili kwa hiari yake amejizoeza lugha kuliko aliyekariri muhtasari wa kurasa kumi, na akikomaa atamfikia Shaaban Robert kwa miguu yake mwenyewe, bila kuburutwa.

Basi yafanyike haya. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, itenge fungu la riwaya za safari na ushujaa kwa vijana wa sekondari. Halmashauri zinunue nakala kwa ajili ya shule zao, ili mchapaji ajue kwamba mnunuzi yupo. Nawe mwalimu, usingoje waraka. Tenga kipindi kimoja kwa wiki, wape vijana kitabu cha kusisimua, na usiwaulize dhamira. Waulize swali moja tu: nini kilitokea baadaye? Atakayejibu kwa shauku ndiye yule yule tuliyemwita mvivu.