Lawalawa haitibiwi kwa wembe

Wanaotetea ukeketaji wa vichanga mkoani Singida wana hoja nne, na sote tumezisikia. Naziweka hapa kama wanavyozisema wenyewe, wasomaji mpime.

Ya kwanza ndiyo nzito: mtoto wa kike akishikwa na lawalawa, asipokeketwa atakufa. Wanaoisema hawana roho mbaya. Bibi anayemsikia mjukuu akilia kila anapokojoa, sehemu zake za siri zimevimba na zinawasha, anahangaika kwa hofu ya kweli. Lakini anachokiona ni maambukizi ya njia ya mkojo au fangasi, na dawa zake ziko zahanati. Wembe hauui bakteria. Unaongeza kidonda kibichi mahali palipokwisha kuugua, kwa mtoto ambaye damu yenyewe mwilini ni kidogo. Tunaambiwa wapo waliopona. Mtoto akipona, wembe unasifiwa. Akifa, eti lawalawa ilimzidi. Dai ambalo kila matokeo hulithibitisha halijathibitisha kitu.

Ya pili: hii ni mila ya mababu. Ila mila wanayoitaja ilimhusu msichana anayekua, akafundishwa, akachezewa ngoma mbele ya jamaa zake. Kichanga anayekatwa ndani usiku, kwa wembe au kwa kucha, anafundishwa nini? Tena sababu ya lawalawa ilienea miaka ya 1970, Serikali ilipokuwa imeanza kuupinga ukeketaji. Kama ni mila ya ukubwani, basi si tiba ya watoto wachanga. Kama ni tiba, basi si mila ile. Wachague moja.

Ya tatu, kwamba ni kampeni ya Wazungu, haichukui muda. Itifaki ya Maputo, inayokataza ukeketaji, ni ya Umoja wa Afrika, ya mwaka 2003, na Tanzania iliiridhia mwaka 2007. Sheria yetu ilitungwa na Bunge letu mwaka 1998.

Ya nne inasema sheria hiyo imeshindwa: imewafanya watu wajifiche na kuwakata watoto wakiwa wachanga, na isitoshe tatizo linaisha lenyewe. Kwamba watu wanajificha ni kweli. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15, na ngariba wanakijua. Lakini wanaosema linaisha wanategemea takwimu za kitaifa, ambazo kwa Singida zilishuka kutoka asilimia 31 mwaka 2015/16 hadi 20 mwaka 2022. Hao waliohesabiwa ni wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kichanga anayekatwa leo ataingia kwenye hesabu hiyo baada ya miaka 15. Takwimu hizo zinaeleza yaliyofanyika zamani, hazisemi lolote juu ya usiku wa jana.

Na huyo anayefichwa hafichiki kwa muda mrefu, kwa sababu mama atampeleka kliniki kwa chanjo na mizani. Nesi anayemvua nguo ili ampime ndiye shahidi wa kwanza. Amkague kila mtoto wa kike, amweleze mama lawalawa ni nini kabla haijaingia nyumbani, na siku bibi atakapomleta mjukuu anayelia, dawa iwepo.