Jangwa Lipo Mlandizi, Same Mnafuata Nini?

Ndugu zangu waandishi chipukizi, hasa ninyi wa Maili Moja na Kisarawe mjini ambao kila Jumapili tunabanana kijiweni kusomeana miswada: nimechoka kunyamaza. Kikundi chetu kina watu 16. Kila mmoja amechanga shilingi 40,000 kwa taabu, mwingine kwa kuuza vocha, mwingine kwa kubeba zege. Jumla 640,000, na mweka hazina wetu anazilinda kama mboni ya jicho. Sasa imeletwa hoja kwamba pesa zote hizo ziishie kwenye safari moja ya kutafuta "mazingira ya riwaya", na mazingira yenyewe ni lazima yawe hifadhi ya jangwani. Eti bila jangwa riwaya haina msisimko!

Chanzo cha ugonjwa huu ni video. Watu wameangalia matuta ya mchanga ya Wadi Rum kule Jordan, wameangalia barabara iliyonyooka kama rula ya Death Valley, Marekani, ambako mwaka 1913 joto lilipimwa likafika nyuzi 56.7, basi kila mtu anataka stelingi wake akimbizwe mchangani huku midomo imempasuka. Tangu Januari nimesomewa miswada minne ya namna hiyo. Walioiandika hawajavuka Chalinze.

Orodha iliyo mezani ina sehemu tatu. Mshikaji mmoja anataka Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Huyo tumwache, maana hata hati ya kusafiria hana. Wa pili anataka mchanga unaohama wa Olduvai, kule Ngorongoro: tuta jeusi la majivu ya volkano ambalo upepo hulisukuma karibu mita 17 kila mwaka. Hilo ni jambo la ajabu kweli, silibishii. Lakini wengi, na hao ndio wenye kura, wanataka Mkomazi, upande wa Same.

Kwanza tuelewane. Kwa kipimo kinachotumika sana, jangwa ni nchi inayopata mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka. Mkomazi si jangwa, ni nyika kavu iliyopakana na Tsavo ya Kenya. Jina lake hufafanuliwa kwa Kipare kuwa ni kijiko na maji, yaani maji ya kijiko tu. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Ina faru weusi na mbwa mwitu wanaotunzwa ndani ya uzio maalumu. Ni mahali pa maana, na atakayenisingizia kwamba nimepatukana amwogope Mungu.

Ila piga hesabu. Kutoka Kibaha hadi Same ni kama kilometa 400, na ukishuka kwenye basi hapo Same bado hujafika. Kiingilio hakitishi, kwa kuwa raia analipa kwa shilingi na mgeni ndiye anayekamuliwa dola. Kinachoumiza ni gari. Hifadhi ya taifa haikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa miguu. Tutakodi Noah mbili, tujaze mafuta, tulale gesti, tule, na pesa itakata kabla ya kumwona faru wa kwanza. Na hata tukimwona, tutamwona kwa dirishani. Jamani, kutazama wanyama kwa dirishani si tumekwisha kutazama Mikumi? Barabara kuu inapasua hifadhi ile kwa kilometa 50 hivi, na kila aliyesoma Iringa au Mbeya amewaona tembo bure akiwa na mfuko wa karanga mkononi. Nani kati yenu ametoka na riwaya pale?

Halafu kuna hili ambalo mnalikwepa. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa Mkomazi na mifugo yao. Walikwenda mahakamani, na kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1999. Riwaya ya Mkomazi, kama ipo, imo midomoni mwa watu walio nje ya geti, si ndani kwa faru. Nimeuliza kikaoni: nani amepanga kulala hata usiku mmoja kwao? Kimya. Mpango mzima ni kuingia asubuhi, kupiga picha, kutoka jioni. Huo ni utalii, na mimi sikuchanga elfu arobaini yangu kwa ajili ya utalii.

Mnataka jangwa? Pandeni Hiace mpaka Mlandizi, mkate kushoto, mfuate barabara ya kwenda Mzenga na Maneromango. Mtapita msitu wa hifadhi wa Ruvu Kusini. Kwenye ramani ni kijani, zaidi ya hekta 30,000. Mkifika mtanieleza wenyewe hiyo kijani iko wapi. Kuna sehemu unatembea muda mrefu huoni zaidi ya vichaka, visiki na madoa meusi ya tanuri za zamani ambapo hata nyasi zinaona taabu kuota.

Watafiti waliofuatilia misitu ya Pwani kati ya mwaka 1991 na 2005 walikuta uharibifu ukienda kwa mawimbi kutoka Dar es Salaam. Wimbi la kwanza lilichukua mbao za thamani, la pili mbao za bei ndogo, la mwisho mkaa. Katika miaka 14 wimbi la kwanza lilisogea hadi kilometa 120. Sasa rudini Olduvai. Tuta lile mnalotaka kulipia nauli mpaka Arusha linatembea mita 17 kwa mwaka. Hili la kwetu la mkaa lilikwenda kama kilometa 2 kwa mwaka, nalo halisukumwi na upepo. Linasukumwa na chungu cha maharage. Cha mama yangu, cha mama yako, cha mama lishe wa Picha ya Ndege. Mimi mwenyewe mswada wangu nimeuandika usiku jikoni, mkaa ukiwa umebaki jivu, na gunia lilitoka huko huko.

Hapo ndipo penye watu. Kuna kijana anayekesha siku kadhaa akilinda tanuri, anausoma moshi kama sisi tunavyosoma gazeti: ukiwa mweupe mzito bado, ukianza kuwa wa bluu anajua mkaa umeiva. Akizembea, tanuri inapasuka, kazi ya wiki mbili inakuwa majivu. Kuna dereva wa bodaboda aliyepakia magunia ya lumbesa mpaka yeye haonekani, anapita njia za panya usiku bila taa akikwepa kizuizi cha maliasili. Kuna askari wa msitu mwenye eneo kubwa na miguu miwili. Huyo wa bodaboda anakimbizwa kweli, bila kamera, na wengine hawafiki. Ninyi mnamwacha, mnakwenda kumbuni Mmarekani!

Siku ya pili tunaingia Kisarawe. Njiani tutauliza habari za Kibasila, jumbe wa Kizaramo aliyenyongwa na Wajerumani wakati wa Maji Maji. Jina lake tunaliona kwenye ubao wa shule kule Temeke na tunapita tu. Kisha Pugu na Kazimzumbwi, misitu iliyounganishwa ikawa hifadhi ya mazingira asilia. Ni mabaki ya msitu wa kale wa Pwani, yana mimea isiyoota mahali pengine popote duniani, na jiji zima la Dar es Salaam limeyapakatia mlangoni. Kuna mapango yaliyochimbwa kwa ajili ya udongo mweupe wa kaolini, ambamo popo hutoka jioni kwa maelfu. Na hapa unatembea kwa miguu, bwana. Unasikia harufu. Jani unalishika.

Najua jibu lenu. Mchapishaji mmoja wa mjini aliurudisha mswada wangu akasema Kisarawe haiuzi, weka mahali pa kuvutia. Ninyi mnarudia maneno hayo hayo kana kwamba mmeyatunga wenyewe. Mnanitajia Elvis Musiba, eti mbona alimpeleka Willy Gamba mpaka Kinshasa? Alimpeleka, ndiyo, lakini Willy alitoka Dar es Salaam akiwa na kazi ya ukombozi wa Afrika, hakwenda kutafuta mandhari. Na Ben Mtobwa aliandika Dar es Salaam Usiku. Hakuandika New York usiku, na watu wakanunua.

Kura ni Jumamosi. Hoja yangu nimeiandika na kuikabidhi kwa katibu: siku tatu, Mlandizi, Mzenga, Maneromango, Kisarawe, Pugu, nauli za Hiace na bodaboda, kulala kwa wenyeji, mlezi mmoja wa msitu wa kutuongoza na alipwe vizuri. Kwa makadirio yangu haifiki nusu ya mfuko. Inayobaki tupigie chapa toleo lijalo la jarida hili, ambalo mnajua limekwama kwa sababu ya karatasi. Mkipitisha Mkomazi, sawa, kura ni kura. Ila elfu arobaini yangu nairudishiwe siku hiyo hiyo, noti mkononi, maana Jumatatu alfajiri mimi nipo stendi ya Mlandizi.