Msanifu Michoro Naye Ana Haki ya Ujira Wake

Usanifu wa michoro ya chapa ni kazi ya kupanga picha, maandishi na rangi ili ujumbe usomeke vizuri karatasini, kitambaani au kwenye turubai. Katika Ifakara na bonde zima la Kilombero kazi hii hufanywa zaidi na wasanifu wa kujitegemea, wasio na mwajiri wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Wateja wao ni wenye mashine za kukoboa mpunga wanaotaka viroba vyenye jina, vyama vya ushirika, shule, makanisa na misikiti, kamati za harusi, wagombea wa uchaguzi, na miradi ya afya inayohitaji vipeperushi vya picha. Kutoka Kidatu hadi Mlimba, na kuvuka daraja la mto Kilombero kuelekea Ulanga na Malinyi, mkono wao unaonekana madukani, katika zahanati na kwenye mikutano ya hadhara.

Kazi hiyo ina hatua zake. Kwanza msanifu humsikiliza mteja ili ajue anayesemeshwa ni nani. Kisha huchora rasimu, huonyesha sampuli, hurekebisha, ndipo huandaa faili la kiwandani. Hapo ujuzi hujulikana. Rangi za kioo cha simu huundwa na mwanga mwekundu, kijani na buluu. Za karatasi hutokana na wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Asiyeijua tofauti hiyo atashangaa kuona kijani cha mpunga kimetoka kimefifia. Picha ya kuchapwa kitabuni huhitaji nukta 300 hivi kwa kila inchi, na pembeni mwa ukurasa huongezwa milimita 3 za kukatwa. Nembo iliyorushwa kwa WhatsApp kutoka simu hadi simu haifai kutanuliwa iwe bango la mita 3. Sharti ichorwe upya. Kosa likigunduliwa wakati maelfu ya nakala zimeshatoka kiwandani Morogoro au Dar es Salaam, hasara imeshaingia.

Pamoja na ujuzi wote huo, umezoeleka mtindo unaoudhi. Mteja huingia na neno moja: “Nibonyezee tu hapo, ni dakika mbili.” Huomba sampuli tatu, huondoka nazo akisema atarudi, kisha hizo hizo huonekana zimechapwa kwingine. Yupo anayelipia karatasi na wino bila kinyongo, lakini malipo ya kichwa kilichofikiri huyaita tamaa. Kamati ya harusi hukusanya mamilioni ya michango, hulipa ukumbi, mapambo na muziki, na aliyechora kadi zilizoileta michango hiyo huambiwa asubiri. Hata baadhi ya taasisi zenye wahasibu hukaa na ankara miezi kadhaa. Hakuna anayevaa suti aliyoshonewa, kisha akamwambia fundi cherehani kwamba alichofanya ni kukanyaga pedali tu. Kwa nini basi msanifu aambiwe amebonyeza tu?

Watu wa bonde hili ni wacha Mungu na wachapakazi, na dini zao zimelimaliza jambo hili zamani. Mtume Muhammad alifundisha kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Waraka wa Yakobo katika Biblia uliwaonya matajiri kuhusu ujira wa wavunaji uliozuiliwa. Mkulima wa Kilombero, ambaye jembe lake linalisha miji mikubwa, anaujua uchungu wa lumbesa: gunia hushindiliwa hadi kuota kichwa, bei ikabaki ya gunia moja. Anayelia na lumbesa shambani asiigeuze kuwa halali mjini. Marekebisho kumi kwa bei ya moja ni lumbesa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Thamani ya jina na alama imekwisha kuonekana bondeni humu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KINET ulisambaza vyandarua na dawa ya kuvitia katika wilaya za Kilombero na Ulanga, navyo viliuzwa kwa jina fupi la Zuia Mbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4 kwa asilimia 27. Chandarua ndicho kilichomzuia mbu, lakini mama alihitaji kwanza kukijua, kukiamini na kukitambua dukani.

Dharau kwa wachoraji ina mfano mchungu zaidi. Mwaka 2017 Watanzania walimwona mzee Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, akiishi kwa ufukara Buguruni, Dar es Salaam. Wengi walimtambua kuwa mchoraji wa ngao ya taifa. Alifariki mwezi Mei mwaka huo. Wapo waliodai ngao ilichorwa na mwingine, na ubishi huo wenyewe ni aibu, kwa sababu usingekuwapo kama jina la mchoraji lingeandikwa na kutunzwa.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda michoro kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Nembo ya biashara husajiliwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni.

Ubaya mwingine haufai kupitwa kimya, nao ni Kiswahili cha mabango. “Tuna uza mchere” imeandikwa kwa herufi kubwa na rangi za kupendeza katika nchi iliyokilea Kiswahili hadi kikavuka mipaka! Mteja huandika ovyo, msanifu hunakili ovyo, na watoto wa shule husoma makosa hayo kila asubuhi. Haraka haraka haina baraka. Kusahihisha maneno matatu hakumchelewishi mtu.

Wajibu basi ni wa pande zote. Mteja aandikiane na msanifu kabla ya kazi: bei, malipo ya awali, idadi ya marekebisho, tarehe ya kukabidhi na nani atamiliki faili. Sampuli ya mtu isichapwe bila idhini yake. Msanifu naye asilewe sifa, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aache kunyofoa picha za watu kwenye intaneti na kubandika mashamba ya Asia kwenye kiroba cha mchele wa Ifakara, ilhali mpunga umemzunguka. Nazo taasisi zenye mafungu ya fedha ziwatafute wasanifu walio mlangoni pao kabla ya kupeleka kazi Dar es Salaam. Mcheza kwao hutunzwa.